Makasha 5,000 na Faili Lisilofunguka

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Gungu. Mpwa wangu ana stesheneri ndogo pale: mashine moja ya kutoa kopi, kompyuta mbili za mtumba, na benchi la mbao wanapokaa wateja wakisubiri barua zao zichapwe. Wanaokuja kwake ni wanafunzi wanaojaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, watendaji wa mitaa wenye mihtasari ya vikao, na wafanyabiashara wa mwalo wa Kibirizi wanaotaka risiti zenye majina yao. Miezi kadhaa kabla ya hapo nilikuwa nimemhubiria kwa simu aachane na programu ya kuandikia aliyopewa kwenye flashi na rafiki yake, ile iliyochakachuliwa, iliyokuja na virusi vilivyoila ripoti ya mafunzo kwa vitendo ya mteja wake. Nilimwambia kwa sauti ya mwalimu: ipo programu huria, ni halali, haiuzwi, na ni ya kila mtu. Ipakue.

Kijana akatii. Akanunua bando la usiku, akaamka saa nane, akapakua zaidi ya megabaiti 300. Asubuhi akalibofya faili lake, kompyuta ikamjibu kwa Kiingereza kwamba kifurushi hicho hakiendani na aina ya prosesa yake. Windows yake ilikuwa ya biti 32. Faili alilopakua lilikuwa la biti 64, na kwa toleo lile jipya yeye hakuona lingine la kuchagua. Nilipofika Gungu, baada ya shikamoo na marahaba, swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Mjomba, si ulisema ni ya kila mtu?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu langu, na ni jibu linalotushitaki sisi wasomi wa vyuo vikuu kabla ya kumshitaki mtu mwingine yeyote.

Tumezoea kufundisha kwamba programu ni huria pale msimbo wake chanzo unapowekwa wazi, yaani yale maandishi ya waandaaji programu ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini kompyuta ya mpwa wangu haisomi msimbo chanzo. Inahitaji faili tekelezi: msimbo uliokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, kwa aina ile ile ya prosesa na mfumo endeshi alio nao, ukafungwa katika kifurushi anachokibofya kikafunguka. Kati ya msimbo na faili hilo kuna kazi kubwa, na kuna watu wanaoamua ifanywe kwa mashine zipi na isifanywe kwa zipi. Uamuzi huo ndio unaompa mwananchi uhuru au kumnyima. Leseni humpa ruhusa tu.

Watu wa Kigoma tunalijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Meli tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikapakiwa kwenye Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Mtu aliyeyatazama makasha yale yamepangwa angeweza kusema, kwa haki kabisa, kwamba meli ipo: kila bamba lipo, kila msumari upo. Lakini hakuna aliyevuka ziwa akiwa amepanda kasha. Ilibidi mafundi watatu kutoka kiwanda kilichoiunda, pamoja na mafundi wa Kihindi na vibarua wengi wa Kiafrika, waiunge upya hapa hapa ufukweni, hadi iliposhushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Msimbo chanzo ni makasha. Faili tekelezi ni meli. Nasi kwa zaidi ya miaka ishirini tumekuwa tukiwapongeza wananchi kwa kumiliki makasha.

Wacha nieleze kazi yenyewe, maana wengi wanaoidharau hawajapata kuiona. Mradi wa programu huria unapokaribia kutoa toleo jipya, waratibu hutangaza siku ya kuufunga msimbo: baada ya siku hiyo hakiongezwi kitu kipya, hurekebishwa makosa tu. Kisha hutolewa matoleo ya majaribio ili watu wayatumie kwenye mashine zao na kuripoti hitilafu. Baada ya hapo msimbo ule ule mmoja huundwa mara nyingi: kwa Windows, kwa macOS, kwa aina mbalimbali za Linux, kwa Android, na ndani ya kila mfumo, kwa prosesa za biti 32, za biti 64 na za jamii ya ARM. Kila faili hujaribiwa, hutiwa saini ya kidijitali ili mpokeaji ajue halikuchezewa njiani, na hupangiwa seva za kulihifadhi. Hapo ndipo hutangazwa siku ya kutoka.

Uratibu wa siku hiyo si urembo. Chukulia toleo limetolewa kwa ajili ya kuziba ufa wa usalama. Msimbo uliorekebishwa unapowekwa wazi, kila mwenye nia mbaya anaweza kulinganisha wa zamani na mpya akaona ufa ulikuwa wapi. Kama faili la Linux limetoka Jumatatu na la Windows likatoka Alhamisi, watumiaji wa Windows wamelala siku tatu mlango ukiwa wazi, na ramani ya kuufikia imebandikwa ukutani. Na yule ambaye mashine yake haikutengenezewa faili kabisa? Huyo mlango wake hautafungwa tena.

Anayetoa toleo ana mamlaka nyingine, nayo ni nzito zaidi. Machi 2024 mhandisi aitwaye Andres Freund aligundua kwamba xz, programu ndogo huria ya kubana mafaili iliyomo ndani ya mifumo mingi ya Linux, ilikuwa imetiwa mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. La kujifunza ni mahali ulipofichwa. Kipande kilichowasha mtego hakikuwamo katika hazina ya msimbo ambayo kila mtu huitazama. Kilitiwa kwenye vifurushi vya toleo. Waliosoma msimbo wa wazi wasingekiona. Aliyeshika kazi ya kutoa toleo ndiye aliyekuwa ameshika ufunguo wa nyumba.

Sasa tujiulize: katika kazi hii yenye mamlaka kiasi hiki, sisi tuko wapi?

Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Mradi wa Debian, ambao ni miongoni mwa mihimili ya Linux duniani, huuliza kabla ya kila toleo kuu: aina hii ya mashine ina watu wa kuitunza? Ikikosa watu, huachwa. Toleo la Debian 13 la Agosti 2025 halisakinishwi tena kwenye kompyuta za biti 32 za jamii ile iliyojaa katika stesheneri zetu. Firefox nayo, toleo la 115 la Julai 2023 ndilo la mwisho kwa Windows 7 na 8. Baada ya hapo mashine hizo zilipewa viraka vya usalama tu. Sitaki msomaji adhani ninawalaumu wanaojitolea. Hawatudai, wala hatuwadai. Wamehesabu mikono waliyo nayo, wakatazama mashine zilizo mbele yao, wakaamua. Mashine za Gungu hazikuwa mbele yao kwa sababu hakuna aliyeziwakilisha.

Na upande wa simu mambo yanazidi kubana. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba programu za simu za Android zilizoidhinishwa nayo zitapaswa kutoka kwa watengenezaji waliosajili utambulisho wao kwake. Utaratibu huo umepangwa kuanza Septemba 2026 katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kuenea duniani kuanzia 2027. Baada ya kelele za wapenda programu huria, kampuni iliahidi njia ya pembeni kwa watumiaji wazoefu. Hoja ya kupambana na matapeli naielewa. Nani kati yetu hajapata kutumiwa kiungo cha wizi? Lakini fikiria mwanafunzi anayetengeneza programu ya bei za dagaa na migebuka, akaigawa kwa bluetooth kwa wavuvi wa Kibirizi bila kupitia duka lolote. Kuanzia hapo atahitaji kwanza kujulikana kwa kampuni iliyoko California. Msimbo wake utabaki huria. Faili lake litahitaji kibali.

Nasikia tayari msomaji akisema: haya ni mambo ya wakubwa, Tanzania haina uwezo huo. Sikubali, kwa sababu tuliwahi kuwa nao. Mwaka 2004 wataalamu wa kompyuta na wa lugha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden na kwa fedha za shirika la misaada la nchi hiyo, Sida, waliendesha mradi ulioitwa Kilinux. Waliunda istilahi, wakatafsiri programu ya ofisi ya OpenOffice, na Desemba mwaka huo wakatoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, ikiwa na mafaili tayari ya Linux na ya Windows pia. Zingatia hilo la Windows. Wangeweza kuridhika na tafsiri, wakaandika makala ya jarida, wakapandishwa vyeo. Walikwenda hatua ile ninayoililia: waliunga meli, wakaishusha majini, katika mfumo ambao wananchi walikuwa nao, hata kama wao wenyewe waliupenda mwingine.

Kisha nini? Oktoba 2005 OpenOffice yenyewe ikatoa toleo la 2.0, mwaka 2008 la 3.0, mwaka 2010 wengi wa waandaaji wake wakajitenga na kuanzisha LibreOffice. Kila hatua ilidai mtu akae tena, atafsiri yaliyoongezeka, aunde upya, ajaribu upya, atie saini upya. Mradi wa wafadhili una tarehe ya kuanza na tarehe ya kufungwa, ilhali msimbo hauna tarehe ya kufungwa. Juzi nimewauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu kama wamewahi kuisikia Jambo OpenOffice. Hakuna mkono ulioinuka. Kiswahili bado kimo katika orodha ya lugha za LibreOffice, na kamusi ya kusahihisha tahajia imo, lakini darasa zima lilikuwa likijifunza kompyuta kwa menyu za Kiingereza katika nchi ambayo lugha yake ya Taifa ni Kiswahili.

Wale mafundi wa Kijerumani walioizamisha Goetzen Julai 1916 waliipaka mitambo yake grisi nene kwanza. Ndiyo maana Waingereza walipoiibua mwaka 1924 iliwezekana kuirudisha kazini mwaka 1927, ikiwa na jina la Liemba. Sisi miradi yetu tunaizamisha bila hata grisi. Ripoti ya mwisho inaandikwa, bango linang'olewa, seva inazimwa, na nywila inaondoka na mtaalamu aliyepata kazi kwingine. Tumeigeuza siku ya kutoa toleo kuwa sherehe yenye mgeni rasmi na fulana. Toleo ni zamu, kama zamu ya muuguzi wa usiku: ikiisha yako, lazima kuwe na anayeipokea.

Najua pingamizi tatu zitakazoletwa, nami nazijibu.

La kwanza: kompyuta hizo ni kuukuu na ni za hatari, watu wanunue mpya. Kwamba mfumo endeshi usiopata viraka ni hatari, nakubali bila ubishi. Lakini mfumo endeshi kuzeeka si sawa na mashine kufa. Mashine ya mpwa wangu inaweza kupokea Linux nyepesi na kufanya kazi miaka kadhaa zaidi, mradi awepo mtu wa kumuundia mafaili yake. Kumwambia mwenye stesheneri ya Gungu anunue kompyuta mpya kila watengenezaji wanapoamua ni kumpandishia kodi ambayo hakuna Bunge lililoipitisha.

La pili: siku hizi kila kitu kiko mtandaoni, hakuna haja ya kusakinisha chochote. Mwenye hoja hii hajakaa Kigoma. Mkoa huu uliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli kabla ya gridi ya Taifa kuufikia, na bando bado ni gharama inayohesabiwa kwa shilingi. Zaidi ya hayo, kivinjari chenyewe kinachofungua mtandao ni faili tekelezi lililoundwa na mtu kwa aina fulani ya mashine. Huwezi kuikimbia kazi hii. Unaweza tu kumwachia mwingine.

La tatu: hatuna watu. Tunao. Zaidi ya hapo, jirani zetu na sisi wenyewe tumeshaonyesha kwamba tunaweza kukaa kwenye meza hizi. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianza mwaka 2004 kwa mahitaji ya kliniki za UKIMWI za Eldoret, Kenya. DHIS2, inayobeba takwimu za vituo vyetu vya afya, ilizaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990, ikakuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Dar es Salaam wamekuwa wakiifanyia kazi kwa miaka mingi. Kinachokosekana ni nafasi ya ajira yenye jina hilo. Katika vyuo vyetu mtu hupandishwa cheo kwa makala aliyochapisha. Hapandishwi kwa kuhakikisha faili linafunguka Gungu kwa miaka kumi mfululizo.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo manne, na nawaomba watumishi wa umma mnaosoma hapa msiyaweke kwenye jalada la "kwa taarifa".

Mosi, kila idara ya sayansi ya kompyuta katika vyuo vya umma ichague programu huria moja na aina moja ya mashine zinazotumiwa na wananchi wa kawaida, iwe mtunzaji wake rasmi, na iajiri fundi wa kudumu kwa kazi hiyo. Wanafunzi watajifunza kwake, lakini zamu isiachwe mikononi mwao, kwa sababu wanahitimu na kuondoka.

Pili, Mamlaka ya Serikali Mtandao pamoja na mtandao wa elimu na utafiti, TERNET, vianzishe hazina ya nchi ya mafaili yaliyohakikiwa. Tangu 2013 watu wa Debian na wenzao wamekuwa wakiendeleza mbinu inayowezesha watu wawili walio mbali kuunda msimbo mmoja na kupata faili linalofanana baiti kwa baiti. Chuo chetu kikiliunda upya faili na kupata lile lile, tunajua halina kilichoongezwa gizani. Nakala ziwekwe katika maktaba za mikoa, ili mwenye stesheneri aende na flashi yake akachukue bila kuunguza bando.

Tatu, mikataba yote ya mifumo inayolipwa kwa fedha za umma au za wafadhili itaje mashine ambazo faili litafunguka, itaje nani atatoa matoleo baada ya mradi kufungwa, na imtake mkandarasi akabidhi msimbo pamoja na maelekezo kamili ya kuuunda. Mfumo unaojaribiwa kwenye simu ya mkurugenzi pekee haujajaribiwa.

Nne, na hili ni lenu, wanafunzi na wanaharakati: kila mradi mkubwa hutoa matoleo ya majaribio wiki kadhaa kabla ya siku ya mwisho. Chukueni mashine duni kuliko zote mnazoweza kuzipata, sakinisheni, ripotini kinachovunjika. Hitilafu iliyoripotiwa kabla ya toleo ni hoja mezani. Iliyoripotiwa baada yake ni malalamiko.

Namalizia kwa mpwa wangu. Kabla ya kuondoka Gungu niliifuta ile Windows, nikamwekea Debian 12 ya biti 32 pamoja na LibreOffice iliyomo ndani yake. Inafanya kazi. Faili hilo liliundwa na watu wa mbali, wasiomjua wala kuijua Kibirizi, ambao kwa hiari yao walibakiza mlango wazi kidogo. Viraka vya toleo hilo vimeahidiwa hadi Juni 2028. Nilimwandikia tarehe hiyo kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha karatasi, nikakibandika kando ya kioo cha kompyuta.

Akaniuliza: "Baada ya hapo je, mjomba?"

Nimewaletea swali lake. Tuna muda hadi Juni 2028 wa kumpa jibu lisilo mahubiri.